Mwenza wa Lindo Namba Tisa

Nuzhat Ansari alikuwa peke yake ndani ya chumba cha taa, lakini simu ilimwambia wako wawili.

Aliisoma tena. Chini ya picha aliyojipiga, mgongo wake ukiwa karibu na kibandiko kipya cha ukutani, maandishi ya kijani yalisema: Lindo namba tisa limekaguliwa. Watu wawili wameonekana. Akageuka nyuma. Palikuwa na rafu za chuma zilizoliwa na kutu, kandili za zamani zilizopangwa vilevile zilivyoachwa siku umeme ulipoingia relini, na meza ya mbao ambayo hadi juzi ilikuwa na daftari la doria juu yake. Mtu hakuwapo. Nje, ukungu wa Desemba ulikuwa umeilalia Stesheni ya Saraimansa tangu alfajiri. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na bado mtu akinyoosha mkono hazioni kucha zake.

"Vitu vipya hivi navyo," alijisemea, akatoka akafunga mlango.

Pale mlangoni ndipo alipoisikia harufu ya mafuta ya taa, harufu ya utambi uliopulizwa sasa hivi. Kandili zile hazikuwahi kuwashwa tangu kabla yeye hajazaliwa. Akavuta shela puani akaenda zake, maana kazi ilikuwa nyingi na siku ile ilikuwa yake.

Kweli ilikuwa yake. Miaka miwili alikuwa askari wa reli kwa sababu moja tu, kwamba mumewe Tausif, konstebo namba 417, aligongwa na treni ya mizigo ndani ya ukungu kama huu, na serikali humpa mjane kazi ya marehemu. Miaka miwili aliitwa "mke wa marehemu Tausif" na watu wenye kumwonea huruma. Sasa Inspekta Chaturvedi alikuwa amemwita mbele ya kikosi kizima akasema kuanzia Jumatatu hakuna tena karatasi. Kila lindo litakuwa na kibandiko. Askari ataelekeza simu, atachagua jina la mwenza wake kwenye orodha, watapiga picha, basi. Na atakayeitayarisha programu hiyo ni Nuzhat, kwa sababu wengine wote katika kikosi kile waliigusa simu kwa kidole kimoja kama wanaobonyeza kengele ya mlango.

Aliifanya kwa siku mbili. Alibandika vibandiko tisa. Alikusanya madaftari yote, akayafunga kamba, akayakabidhi kwa mnunuzi wa karatasi kuukuu. Alisafisha orodha ya majina: waliostaafu aliwafuta, wote sita. Alipofika kwenye jina la Tausif Ansari, namba 417, na picha yake ndogo ya kitambulisho ikimtazama, kidole kilikataa. Akasema atamfuta kesho. Kesho ikapita, na hakumwambia mtu.

Sajini Dubey alikuwa amemwonya. Mzee yule alibakiza miezi mitatu astaafu, na magoti yalimkalisha dawatini siku nzima, lakini alipoona Nuzhat anafunga kamba madaftari aliinuka.

"Binti yangu, hilo la lindo la tisa liache mezani kwake."

"Afande amesema yote, mzee."

"Afande ana miezi minne hapa. Mimi nina miaka thelathini na nne. Umewahi kuuliza kwa nini pale huwa anakwenda mtu mmoja?"

Nuzhat alijua utaratibu, kama walivyojua wote. Kwenye malindo mengine askari wawili walitia sahihi, wa kwanza na mwenza. Lindo la tisa lilikaguliwa mchana tu, mara tatu, na mtu mmoja. Alitia sahihi yake, akaacha nafasi ya mwenza wazi, akaweka kipande cha sukari guru juu ya daftari, akatoka bila kugeuka. Ukaguzi uliofuata sukari guru haikuwapo, na kwenye ile nafasi palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, ya masizi. Nuzhat aliamini ni mzaha wa wafagizi. Sukari guru kwao ilikuwa ya mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Ammi. Marehemu Tausif hakuwa akigusa kitu kitamu, chai aliinywa chungu, na hata siku ya harusi alikunja uso alipolishwa kijiko cha payasi, wali mtamu wa maziwa.

"Yule pale tulimkuta," Dubey alisema kwa sauti ya chini. "Sisi tunamwita Munshi, yaani karani. Alikuwa anaiga taa za ishara, anaangusha treni. Mashehe wa zamani wakamuuliza, unataka nini? Akasema, nataka kuhesabiwa. Basi akahesabiwa, kila siku, kwenye karatasi, na akatulia. Hana jina, ndiyo maana nafasi inaachwa wazi. Sasa hiyo simu yako itamwachia nafasi?"

"Simu haikubali nafasi wazi, mzee. Mwenza lazima ajazwe."

"Utamjaza nani?"

Nuzhat alicheka. Hilo halikuwa swali. Angemjaza Rinki.

Rinki Kushwaha alikuwa konstebo wa miaka ishirini na sita mwenye mimba ya miezi minane. Mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hii, mumewe yuko kiwandani Surat, na likizo yake ilikuwa imekwama ofisi ya juu. Kwa hiyo kikosi kilifanya kinachofanyika kila mahali: Rinki akikaa kwenye chumba cha kusubiria cha wanawake karibu na jiko la mkaa, wenzake wakimtilia sahihi. Malindo yote manane alikuwa ameshayakagua kwa sahihi za wenzake. La tisa tu hakuwahi kuandikwa, kwa kuwa pale nafasi ya mwenza haikuandikwa mtu.

"Dada, nitembeze na mimi kwenye hiyo simu yako," Rinki alikuwa amemwambia asubuhi ile, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Nitembeze taratibu tu, mwanangu asichoke."

"Wewe na mwanao mmezidi kudeka. Akizaliwa nitamdai zamu zote hizi."

Na Nuzhat akamtembeza, saa nne, saa sita na saa nane. Mara zote tatu, chumba cha taa, watu wawili wameonekana.

Siku ya pili Rinki alikuwa na masizi kwenye dole gumba. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu, yakabaki.

"Labda ni mkaa," alisema. "Dada, hivi wewe husikii harufu ya mafuta ya taa humu?"

Nuzhat aliisikia. Ilitoka kwenye nywele za Rinki.

"Jana ulikwenda wapi na mimi?" Rinki aliuliza tena. Alikuwa anajaribu kutabasamu. "Kwa sababu jana saa nne, na saa sita, na saa nane, mtoto aliacha kucheza. Kimya kabisa. Nikahisi baridi ya chuma mgongoni kama nimeegemea rafu. Halafu baada ya muda akarudi. Kila mara muda unakuwa mrefu, dada. Hii ya saa nane ilikuwa karibu saa nzima."

"Twende kwa daktari."

"Nimetoka kwake. Kasema kila kitu kizuri."

Nuzhat alirudi ofisini akafungua picha za ukaguzi, moja baada ya nyingine, akazikuza kwa vidole. Kwenye ya kwanza alijiona yeye na ukuta, na pembeni giza la rafu. Kwenye ya pili giza lile lilikuwa na bega. Kwenye ya tatu aliyesimama pale alikuwa Rinki, kichwa kimeinama kuelekea ukutani, amevaa sare ya kaki ambayo haikumwingia tangu Agosti, na mkanda ameukaza kwenye kiuno chembamba, kiuno cha mtu ambaye hajawahi kubeba mimba.

Simu ikamponyoka ikaanguka juu ya dawati la Dubey.

Mzee alitazama picha, akavua kofia. "Umempa jina," alisema. "Miaka yote hii alikuwa hana. Umemtafutia jina, binti yangu, na ndani ya jina kuna mtu, na ndani ya mtu kuna mtoto."

"Nitalifuta."

"Futa basi."

Kwenye karatasi angepiga mstari kwa kalamu, akatia sahihi pembeni, yakaisha. Programu haikuwa na mstari. Alipiga simu kwa wataalamu mjini, akajibiwa na kijana mwenye haraka kwamba rekodi ya ulinzi haifutiki, ndiyo sababu ya kuitengeneza, watu walikuwa wanachezea sana karatasi. Mwenza anaweza kubadilishwa tu, dada, unachagua mwingine kwenye orodha, ukiwa palepale lindoni. Hapana, nafasi wazi haiwezekani. Kuna lingine?

"Nibadilishe, niweke nani?" Nuzhat alimwuliza Dubey.

"Niweke mimi. Mimi nimezeeka."

"Halafu nikuzike?"

Mzee akairudisha kofia kichwani.

Wakakumbuka madaftari. Kama karatasi ingerudi mezani, pengine na yeye angerudi kwenye karatasi. Nuzhat alikimbia hadi kwa mnunuzi, akamkuta anakunywa chai, akaambiwa mzigo ule umeshakwenda kwa wasokota vifuko. Hakuelewa mpaka aliporudi jukwaani. Muuza karanga alikuwa anapita kando ya treni ya Lucknow akinadi, na vifuko vilivyojaa kapu lake vilikuwa vya karatasi ya mistari, na juu ya kila kifuko, kati ya sahihi na sahihi, dole gumba jeusi. Abiria walikuwa wananyoosha mikono madirishani. Alivinyang'anya alivyoweza, muuza karanga akamtukana, na treni ikaondoka na vingine kwa mamia, karanga zikiliwa na vifuko vikitupwa nje kwenye mashamba ya haradali. Alikaa chini palepale, karanga zimemwagika miguuni, akalia mbele za watu akiwa na sare yake.

Siku ya tatu aliamua hatakagua. Liwalo na liwe, Inspekta amfukuze kazi. Saa nne ilipofika alikuwa ameketi karibu na Rinki, amemshika mkono, simu iko mfukoni. Rinki alikuwa hazungumzi tena sawasawa. Aliuliza mara mbili kama mafuta yameletwa, na kama utambi umekatwa, na sauti ilikuwa yake lakini maneno yalikuwa ya mzee.

Simu ikatetemeka. Lindo namba tisa limekaguliwa na Rinki Kushwaha.

Alikuwa amemshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi kama bomba la maji asubuhi, na chini ya shela tumbo lile kubwa lilikuwa limetulia, limetulia mno.

"Dada," Rinki alinong'ona, bado akiwa yeye mwenyewe, "usiniache nipoteze na huyu. Tafadhali. Huyu sitamweza."

Nuzhat alimwachia mama mfagizi amwangalie, akamchukua Dubey, wakaenda mwisho wa jukwaa la kwanza, kwenye kaburi la walii ambalo reli ilipindishwa ili kulipisha. Mtunza kaburi, Miyan Sibte, alikuwa anapanga waridi. Alisikiliza hadithi yote bila kuinua macho. Kisha akaomba aione hiyo simu, akaishika mbali na uso wake.

"Kumfukuza siwezi," alisema. "Ningeweza kama angekuwa mwizi. Huyu yuko zamu. Mmemwandika wenyewe, mmempiga picha, mmemhesabu. Nikimsomea ataniuliza kwa haki gani ninamtoa mtu kazini kwake."

"Basi tufanyeje, Miyan?" Nuzhat aliuliza. "Niambie chochote. Nitafunga, nitatembea peku, niambie tu."

"Mbadilishe jina. Mpe lisilo na mwili, asipate wa kumkalia. Mna jina la namna hiyo humu?"

Dubey alianza kusema kwamba wote waliomo ni hai, wenye watoto na mikopo. Nuzhat aliinamia simu mkononi mwa Miyan. Kidole chake kilikuwa kimeshafika chini ya orodha, na Tausif alikuwa anamtazama kutoka kwenye picha yake ndogo, nywele zimechanwa kwa maji, kola imebana.

"Ninalo," alisema.

Mzee Dubey aliliona, akageuza uso.

Miyan Sibte alisema taratibu, "Ni la kwako kulitoa, si la mwingine. Lakini ujue unachotoa. Jina la marehemu nalo lina kwao. Na jambo moja linanisumbua. Daftari lilikuwa mezani, na meza imo chumbani, na chumba kina mlango. Hiyo simu umeifungia wapi?"

Kabla hajajibu, simu ikatetemeka mkononi mwa Miyan. Rinki Kushwaha amewasili lindo namba tisa.

Nuzhat akaipokonya simu, wakakimbia. Dubey alibaki nyuma na magoti yake, akiita, na Nuzhat akakatisha reli bila daraja kwa sababu daraja lingemchelewesha, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba aliziona reli mguu ulipozigonga tu, ya kwanza, ya pili, na kati ya ya pili na ya tatu akasikia honi ya treni ya mizigo, ndefu, isiyojulikana inatoka kulia au kushoto, na ndipo akajua amesimama mahali gani, kwa kuwa alikuwa ameoneshwa mahali hapo miaka miwili iliyopita kukiwa kumemwagwa mchanga, na ardhi ikaanza kutetemeka, na akili yake ikamwambia hivi ndivyo ilivyokuwa kwake pia, alisimama hivihivi akisikiliza, mpaka akajitupa mbele kwa magoti na mikono na mabehewa yakapita nyuma yake yakimvuta shela, moja baada ya jingine, arobaini au hamsini, na yeye akitambaa kwenye kokoto kuelekea mwanga wa njano ambao haukupaswa kuwapo.

Kandili zote zilikuwa zimewashwa.

Mlango ulikuwa wazi, na ndani, katikati ya zile taa hamsini zenye vioo vyekundu na vya kijani, joto lake likimpiga usoni na harufu ya mafuta ikimkaba koo, Rinki alikuwa ameketi mezani na sare ya kaki, vifungo vyote vimefungwa hadi kiunoni, tumbo halipo, bapa, amevua viatu, na dole gumba lake jeusi lilikuwa linagonga kwenye ubao mtupu wa meza, taratibu, hapa na hapa na hapa, mstari baada ya mstari, kama mtu anayejaza daftari lisiloonekana.

"Umechelewa," Rinki alisema kwa sauti ya mzee wa siku nyingi, ya kinyonge, karibu ya kuomba. "Nimekuja kazini. Nihesabu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nihesabu kwanza."

Nuzhat alielekeza simu kwenye kibandiko. Simu ikakataa mara mbili, ya tatu ikakubali. Badili mwenza. Orodha ikafunguka. Akashuka hadi chini. Miaka miwili hakuwa na kaburi la maana la kwenda, maana kilichozikwa kilikuwa kidogo. Hakuwa na nguo zake, Ammi alizigawa. Alichokuwa nacho cha Tausif kilikuwa jina hili mahali hapa, ambapo bado alihesabiwa miongoni mwa wanaofanya kazi. Alijiona mwizi. Alijiona anamuuza.

"Nisamehe, Tausif," alisema, akabonyeza.

Simu ikadai picha. Akajisogeza karibu na meza, akainua mkono. Ikamulika. Watu watatu wameonekana. Mwenza wa lindo namba tisa: Tausif Ansari.

Taa zote zikazimika kwa pumzi moja.

Katika giza lile Rinki alipiga yowe, na lilikuwa lake, la msichana, na Nuzhat akapapasa mpaka akamshika, akasikia vifungo vya sare vinakatika kimoja kimoja na kurukia sakafuni, na chini ya kiganja chake tumbo likajaa, likawa zito na la moto. Rinki akaushika mkono ule akauhamisha upande wa kushoto. Kitu kikapiga teke. Kikapiga tena, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa.

"Yupo," Rinki alisema akilia. "Dada, yupo."

Wakakaa sakafuni wamekumbatiana. Na nyuma yao, upande wa rafu, mtu akasafisha koo, mara mbili, fupi. Hivyo ndivyo Tausif alivyosafisha koo kila jioni kabla ya kuvua viatu, ili mama yake ajue ni yeye.

Nuzhat hakugeuka. Alimwinua Rinki, akamtoa nje, akavuta mlango kwa kisigino. Dubey alikuwa amefika, anahema, ameshika kofia kifuani. Alikuwa amesikia na yeye; alifanya kazi na Tausif miaka saba.

"Amekubali," mzee alisema.

"Amekubali."

Rinki alipelekwa hospitali kwa gari la Inspekta. Saa tisa wakapiga simu kwamba mapigo ya mtoto ni mazuri, mama amelala, dole gumba limesafishika. Dubey alichukua kipande cha sukari guru, akakiweka kizingitini pa chumba cha taa, akarudi akamwagiza Nuzhat chai, na Nuzhat akainywa na akaweza hata kutabasamu. Alifikiri atakuwa akipita pale kila siku, saa nne, saa sita, saa nane. Hatageuka. Lakini atapita. Aliona aibu kugundua kwamba sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inaingoja kesho.

Saa kumi kamili zamu ilikwisha. Askari walielekeza simu zao mlangoni pa ofisi, mmoja mmoja, zikawatoa kazini. Hiyo nayo ilikuwa mpya. Kwenye karatasi watu waliingia tu. Hakuna aliyewahi kuandikwa kwamba ametoka.

Simu ya Nuzhat ikatetemeka kabla hajaielekeza.

Tausif Ansari, namba 417, amemaliza zamu. Ameondoka lindoni.

Aliisoma palepale aliposimama. Chini yake palikuwa na ramani ndogo, ile aliyoiweka yeye mwenyewe ili Inspekta aone askari wake wako wapi, na nukta ya kijani ilikuwa imeshavuka reli. Ilikuwa inatembea bila haraka, kwa mwendo wa mtu aliyechoka. Ikapita soko la mboga. Ikakunja kwenye uchochoro wa mafundi cherehani. Kwenye jalada la kila askari kulikuwa na anwani ya nyumbani, na ya Tausif ilikuwa ileile ya kwake, ambako wakati huu palikuwa na mtu mmoja tu, Ammi, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili.

"Mzee Dubey!" aliita. Alikuwa ameshaanza kukimbia ndani ya ukungu, anampigia Ammi, simu inaita, inaita, hapokei. Nukta ikasimama. Akapiga tena.

Ikapokewa.

"Ammi, usifungue mlango. Ammi, unanisikia? Mtu yeyote akigonga, usifungue."

Kwanza alisikia kilio tu, na akachelewa kutambua kwamba ni cha furaha.

"Njoo nyumbani, mwanangu," Ammi alisema. "Usiniulize kitu, njoo tu. Nimemgusa uso kwa mikono yangu. Anasema wewe ndiye uliyemwandika."

"Ammi, toka nje. Nenda kwa jirani. Tafadhali."

"Ana baridi, maskini, na ananuka mafuta ya taa. Ameketi jikoni." Kisha Ammi akapunguza sauti, kama anayemficha aliye karibu, na furaha ikaanza kumtoka kidogo kidogo. "Ila, Nuzhat. Anataka sukari guru. Tausif wangu. Anasema nikimpa moja tu, na nikamwambia jina langu kamili, atatulia. Nimpe?"